Tumbo linaniamsha usiku mwaka na zaidi, vipimo mara taifodi mara hamna kitu

Shikamoo dada,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko huku Ujiji, Kigoma. Sijawahi kukuandikia ila leo imebidi maana nimefika mahali sijui tena niende wapi. Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto wanne, nafanya biashara ya dagaa, nachukua mwaloni Kibirizi nakausha halafu natuma kwa treni kwa wateja wangu wa Tabora na Dar. Yani mi sio mtu wa kulala lala ovyo, wanaonijua wanajua.

Dada nina tumbo. Limenianza mwaka jana na mpaka leo halijaniacha, sasa ni mwaka na miezi minne. Sio kwamba linauma kila siku, hapana, ndo maana hata watu hawanielewi. Naweza kukaa wiki mbili nikiwa mzima kabisa, nabeba magunia, nacheka na watu, halafu usiku mmoja nimelala, saa sita hivi, linaniamsha. Linaanza hapa kwenye chembe ya moyo, kama mtu kanikamata na ngumi anaikaza polepole haachii, baadae linahamia kulia chini ya mbavu linapenya mpaka nyuma kwenye bega la kulia. Siwezi kulala chali siwezi kulala ubavu, napiga magoti kwenye mkeka nimeshika mguu wa kitanda, jasho linanitoka mpaka dera linalowa, natapika mpaka yanatoka maji machungu ya kijani. Linakwenda masaa matatu, manne. Halafu ikifika adhana ya alfajiri limeondoka lenyewe, umebaki uchovu tu, na asubuhi ukinikuta mwaloni napatana bei huwezi kuamini.

Usiku wa kwanza kabisa naukumbuka kwasababu tulitoka kwenye harusi ya mtoto wa jirani kule Gungu, nikajua labda ni pilau ya watu imelala. Ya pili ulikua ni mwezi mkubwa, maboti hayaendi ziwani, baba watoto yuko nyumbani akaleta kuhe mkubwa kweli nikamuunga na mawese tukala wote, mbona wao hawakuumwa? Ramadhani ndo ilikua mbaya kuliko zote, karibu kila baada ya siku mbili tatu, nikila futari na sambusa zangu vizuri nikilala tu linakuja, mpaka nikawa naogopa usiku. Siku nikiwa sina hamu ya kula nashinda na uji na ndizi za kuchemsha linatulia, nadhani kwasababu nakua nimepumzika.

Sasa vipimo. Dispensari ya kwanza walinitoa damu wakasema taifodi, nikachomwa sindano siku tano. Likarudi. Nikaenda nyingine wakasema taifodi tena pamoja na UTI, vidonge. Likarudi. Mara ya tatu taifodi tena! Dada mtu anaumwa taifodi mara tatu kwa mwaka? Nimekunywa dawa za minyoo. Nikapimwa damu ya vidonda vya tumbo wakasema ninavyo, nikatumia zile dawa za siku 14 zile zinazoacha uchungu wa chuma mdomoni, nikamaliza zote, nikarudi kupima damu wakasema bado wadudu wapo, nikapewa tena dozi nyingine. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda hospitali kubwa nikaomba altrasaundi kwa pesa yangu. Asubuhi nilikua nimekunywa chai na chapati mbili, kule wakaninywesha maji chupa mbili kubwa mpaka mkojo unanibana, ndo wakanipaka ile jeli ya baridi wakapima. Aliyenipima akasema kizazi kizuri, mayai mazuri, mama nenda nyumbani huna kitu. Nimetoka pale nimelia kwenye bodaboda njia nzima, yani nalia kwa kuambiwa sina ugonjwa.

Mama mkwe anasema ni chango, kaniletea mizizi nachemsha nakunywa asubuhi na jioni. Shoga yangu mmoja anasema nimetupiwa kitu na wenzangu wa biashara, kuna mzee njia ya Uvinza anatoa. Baba watoto mwanzo alikua anaamka na mimi ananikanda mgongo, sasa hivi anageukia ukutani, juzi kaniambia "wewe daktari kakwambia huna kitu, ni mawazo tu unajidekeza." Hilo limeniuma kuliko tumbo lenyewe. Shangazi yangu alifariki kwa tumbo, alikua analalamika hivi hivi, wakaja kusema kansa wakati tayari imeshachelewa. Mi sijakonda, nguo zangu ni zile zile, ila kila usiku likinishika nafikiria nani atawalea hawa watoto.

Nimebakiwa na laki na nusu ya kikoba. Niende hospitali ya rufaa ya Bugando kule Mwanza? Niende kwa mzee? Au kweli ni mawazo? Nisaidie dada, maana nikilala naogopa kuamka, na nikiamka naogopa kulala.

Mdogo wako, Ujiji

*

Marahaba mdogo wangu. Pole. Pole sana tena.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Mi sio daktari na sitakupa jina la ugonjwa kwa barua, ila wengi mnajua nilikua nesi miaka mingi huku Tabora kabla sijastaafu, kwa hiyo macho yangu bado yanaona vitu. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba jibu la wapi pa kutafuta umeliandika mwenyewe ndani ya barua yako, sema umelitawanya huku na huku, na hakuna hata mmoja kati ya wote waliokutoa damu aliyekukalisha chini akakuuliza hadithi nzima.

Ngoja nianze na hili la "huna kitu" maana ndo limekuumiza. Kipimo kinajibu swali kilichoulizwa tu, hakijibu lingine. Wewe umenyweshwa maji mpaka mkojo ukabana, sivyo? Kibofu kikijaa ndo kizazi na mayai vinaonekana vizuri, kwa hiyo ile altrasaundi ilikua ya tumbo la chini, ya nyonga. Na aliyekupima alikwambia ukweli, kizazi kizuri mayai mazuri. Lakini mdogo wangu wewe maumivu yako yako juu! Chembe ya moyo, chini ya mbavu za kulia, bega la kulia. Huko ndo kuna ini, mfuko wa nyongo, tumbo lenyewe la chakula, kongosho. Huko hakuna mtu aliyeangalia. Ni kama umepoteza ufunguo jikoni, mtu akapekua chumbani vizuri kabisa akatoka akasema nyumba hii haina ufunguo.

Tena hata kama siku ile angepandisha ile mashine juu, mfuko wa nyongo usingeonekana vizuri, kwasababu ulikua umekunywa chai na chapati mbili. Mfuko wa nyongo ni kifuko kidogo kimejificha chini ya ini, kinatunza nyongo, na wewe ukila tu, hasa kitu cha mafuta, kinajikamua kumwaga nyongo ikasage yale mafuta. Kikishajikamua kinasinyaa, mpimaji anaona kidogo au haoni kabisa. Ndo maana altrasaundi ya tumbo la juu inataka mtu hajala masaa sita mpaka nane.

Sasa turudi kwenye ile mistari niliyopiga kwenye barua yako. Harusi, pilau. Kuhe na mawese. Futari na sambusa, tena baada ya kufunga mchana kutwa. Halafu siku za uji na ndizi za kuchemsha kimya. Wewe umesema labda kwasababu umepumzika. Mi nasema angalia sahani. Kuna tumbo linaloendana na mafuta namna hii, linakuja usiku masaa machache baada ya kula, linakaza haliachii kwa nusu saa mpaka masaa kadhaa, linapanda bega la kulia, unatapika, halafu linaondoka kama halijawahi kuja. Hayo ni maelezo ambayo mwanafunzi yeyote wa udaktari akisikia lazima afikirie mawe kwenye mfuko wa nyongo. Jiwe likiziba mlango wa kile kifuko wakati kinajikamua ndo unapata ile ngumi, likirudi ndani unapona mpaka siku nyingine. Wanawake tunayapata zaidi ya wanaume, na tuliozaa ndo zaidi, na wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nao hata wakiwa wadogo. Wenzio walikula kuhe yule yule hawakuumwa kwasababu wao mlango wao hauna jiwe, kama kweli ndo hilo.

Nasema "kama" kwa makusudi. Naweza kukosea, na wewe umezaliwa Ujiji, umekua unafua na kuoga ziwani kama watoto wote wa pale. Kichocho cha tumbo kipo ziwa Tanganyika, konokono wake wako kwenye maji ya pembeni kwenye majani, na kikikaa miaka mingi bila dawa kinaharibu ini na kuvimbisha bandama. Kumbuka dawa za minyoo za kawaida ulizokunywa haziui kichocho, chenyewe kina dawa yake, prazikwanteli, unapimwa uzito au urefu ndo unapewa idadi ya vidonge. Kinapimwa kwa choo, na choo cha siku moja kinaweza kisionyeshe mayai yakiwa machache, kwa hiyo ukiambiwa leta cha siku mbili tatu usione wanakusumbua. Na uzuri ni kwamba altrasaundi ile ile ya tumbo la juu itaonyesha ini na bandama vilivyo. Safari moja, maswali mawili.

Taifodi sasa. Hili nalisema kwa uchungu maana nimelishuhudia miaka yote. Kile kipimo cha damu cha haraka wanachokiita Widal kinapima askari wa mwili waliobaki kwenye damu, na hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ulipougua zamani, au wameamshwa na ugonjwa mwingine kabisa. Kwa nchi kama yetu watu wengi wakipimwa tu wanatoka "taifodi". Taifodi yenyewe ni homa, homa inayopanda siku kwa siku na kukaa siku nyingi, na kipimo chake cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Haikai wiki mbili umeenda mwaloni unabeba magunia halafu ije saa sita usiku iondoke na adhana. Mi sidhani kama uliumwa taifodi mara tatu. Nakwambia hivi sio umchukie mtu, ni ili mara ya nne ukiambiwa uwe na mdomo wa kuuliza.

Na vidonda vya tumbo hivyo hivyo. Kipimo cha damu cha H. pailori, wale wadudu wa vidonda, kinaweza kubaki kinasoma "wapo" miezi na miezi hata kama wadudu wamekufa wote, kwa hiyo ile dozi ya pili ulipewa kwa jibu lisilo na maana. Kujua kama wameisha kuna kipimo cha choo, unakifanya angalau wiki nne baada ya kumaliza antibaiotiki, na uwe umeacha vidonge vya kupunguza asidi, omeprazo na ndugu zake, wiki mbili kabla. Inawezekana kabisa ulikua nao, watu wengi tu wanao hata hawajui. Ila kuwa nao na kuumwa kwa ajili yao ni vitu viwili.

Hilo la mawazo, mdogo wangu, limekuuma kweli na una haki. Nikwambie kitu. Vidonda vya tumbo vyenyewe madaktari dunia nzima walikua wanaambia watu ni mawazo na pilipili. Mpaka Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 akanywa wale wadudu yeye mwenyewe, akaumwa tumbo, akaonyesha watu kwamba wadudu wale wanaumiza tumbo kweli. Yeye na mwenzake Robin Warren wakaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa hiyo miaka yote ile wagonjwa walikua wanasema ukweli. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, hilo sikatai, mtu yeyote aliyekosa usingizi miezi 16 ana mawazo. Lakini mawazo hayachagui siku ya sambusa.

Sasa kwanini nimekaa na barua yako usiku kucha. Nikiwa bado kazini, alikuja mama mmoja na tumbo la hivi hivi, mara ya tatu au ya nne. Vipimo vyake vilikua vizuri, wodi imejaa, mimi nimechoka, na ni mimi kwa mdomo wangu niliyemwambia "mama umeshaambiwa huna kitu, nenda ukapumzike." Alinitazama tu akakunja khanga yake akaondoka. Wiki tatu baadae kaletwa anatetemeka kwa homa, macho njano kama bizari, jiwe limeshuka limeziba njia. Alipelekwa rufaa akafanyiwa upasuaji akapona, namshukuru Mungu, lakini ile namna alivyokunja khanga mi naiona mpaka leo. Sitaki wewe uwe umeambiwa hivyo na mimi nimekaa kimya.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua daftari la shule, lile la bei ndogo. Kila likikushika andika kesho yake asubuhi: saa ngapi lilianza, ulikula nini jioni na saa ngapi, lilianzia wapi likahamia wapi, lilidumu muda gani, ulitapika, choo kilikuaje, mkojo rangi gani, ulitumia dawa gani, na uko siku ya ngapi ya mwezi wako. Zile nyuma ulizoniandikia mimi zihamishie humo. Halafu kusanya vyeti vyote, hata vile vimekunjamana kwenye pochi, vipange kwa tarehe kwenye bahasha moja. Na usiende tena dispensari mpya kuanza upya, hapo ndo pesa yako imeishia, kila sehemu wanaanza na taifodi kwasababu hawajui mwenzao alianza na taifodi.

Bugando usiende kwanza. Sio kwamba ni vibaya, ni kwamba Mwanza ni mbali na ukifika bila barua ya rufaa utaambiwa vipimo ambavyo Kigoma mjini vinafanyika. Anzia hospitali ya ngazi ya mkoa hapo hapo mjini, omba kumuona daktari, na akikuuliza una tatizo gani usiseme "tumbo" ukanyamaza. Mwambie hivi, ikibidi msomee kwenye daftari: "Daktari, nina maumivu ya tumbo la juu kulia, yanakuja usiku baada ya kula mafuta, yanaenda bega la kulia, miezi 16 sasa. Nimepigwa altrasaundi ya nyonga tu, ya tumbo la juu sijapigwa. Naomba tuangalie ini na mfuko wa nyongo, sijala tangu jana usiku." Sema kwa heshima, sema polepole, usione haya. Daktari mzuri akisikia maelezo kama hayo anafurahi, umemrahisishia kazi. Muulize pia vipimo vya damu vya ini na choo cha kichocho. Asipotaka kukupima, muulize kwa upole, "wewe unafikiri ni nini, na nini kitakuonyesha kama sicho?" Swali hilo linamfanya mtu afikirie tena.

Ile laki na nusu usiimalize yote siku moja. Uliza bei dirishani kabla hujapimwa. Kama hamna bima ulizeni habari ya bima ya afya kwenye kata yenu, na kama mambo yakifika kwenye upasuaji na pesa hamna, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, mlango wake uulizie, yupo kwa ajili hiyo na sio aibu kumuona.

Wakati unasubiri, punguza mawese na vya kukaanga, kula kidogo kidogo, usile ukalala hapo hapo. Usijinyime chakula kabisa ukakonda ghafla, kukonda haraka nako kunatengeneza mawe. Diklofenaki na dawa wenzake za maumivu za dukani usiwe unajimezea kila likiuma, zinatoboa tumbo na kuumiza figo, na tayari wewe tumbo lako limeshapita dozi mbili. Na kuna ile ya kunywa mafuta ya zeituni na malimao usiku "kusafisha nyongo", mtu anatoa vidonge vya kijani chooni anapiga picha anasema ni mawe. Sio mawe. Ni yale yale mafuta na limao yameganda tumboni kama sabuni. Mawe yenyewe yakithibitishwa na yanauma, dawa yake ni kutoa kile kifuko kwa upasuaji, na mtu anaishi bila hicho kifuko vizuri tu, nyongo inaendelea kutoka kwenye ini.

Mama mkwe usigombane naye. Chango ni jina ambalo bibi zetu walilipa maumivu ya kweli ya wanawake wakati hakuna mtu mwingine aliyekua anayasikiliza, kwa hiyo yeye angalau kakuamini, hilo mpe. Mwambie "mama, daktari ataka nipimwe nikiwa sijanywa dawa yoyote, nitapumzika na hii mizizi kwanza." Na kweli ipumzishe, kuna mizizi inayochosha ini na figo na wewe ini ndo tunalitafuta. Chukua kipande kwenye mfuko uende nacho, daktari akikuuliza unatumia nini usifiche. Yule mzee wa njia ya Uvinza, nauli yake iweke kwenye altrasaundi.

Baba watoto usimjibu kwa hasira. Nadhani anageukia ukutani kwasababu anaogopa na hajui afanye nini, wanaume wengi wakiishiwa la kufanya wanageuka hivyo. Mpe kazi. Mwambie usiku likija yeye ashike simu aangalie saa lilipoanza na lilipoisha, aandike kwenye daftari. Siku ya hospitali aende na wewe, na yeye amwambie daktari anachokiona saa saba usiku, maana wewe ukifika pale mchana umejifunga khanga vizuri unaonekana mzima. Shahidi ni yeye.

Kuhusu shangazi, Mungu amrehemu. Siwezi kukuapia kwa barua kwamba sio kansa, mtu akikuapia hivyo muogope. Ila maumivu yanayokuja na kuondoka kabisa, mwaka na zaidi, na nguo ni zile zile, hayo yanaegemea upande mwingine. Ndo sababu nataka uende ukiwa bado unatembea, sio kama shangazi alivyopelekwa.

Sasa nisikilize hapa vizuri. Ukiona macho yanakua njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au choo kimekua cheupe kama udongo wa mfinyanzi, usisubiri daftari wala siku ya kliniki, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Hivyo hivyo homa na kutetemeka pamoja na hayo maumivu, au yakipita masaa sita hayaachii, au tumbo limekua gumu kama ubao, au umetapika damu au choo kimekua cheusi kama lami. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto na kukosa pumzi, hapo inaweza kuwa moyo. Na ukikosa siku zako halafu tumbo la chini likakukata upande mmoja ukaona kizunguzungu, hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, haisubiri asubuhi.

Na nyie wengine mnaonisoma ambao tumbo lenu haliendi na chakula linaenda na mwezi, linakuja kabla ya hedhi au katikati, mnakunja magoti kila mwezi tangu usichana na mnaambiwa kizazi kizuri, nyinyi njia yenu ni nyingine. Kuna ugonjwa wa ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, na altrasaundi ya kawaida mara nyingi haiuoni. Ombeni kumuona daktari wa wanawake na mumwambie hivyo hivyo na tarehe zenu mkononi. Barua zenu nazo nitazijibu.

Mdogo wangu, chagua siku ya wiki hii ambayo treni yako haiondoki na mzigo. Kula jioni mapema, kitu chepesi, mwisho saa mbili usiku. Baada ya hapo usile kitu, na asubuhi usinywe chai, hata ya rangi, maji kidogo tu ukiwa na kiu. Chapati zako wabebee watoto, au zifunge uzile ukishatoka kupimwa. Na ukipata karatasi yenye majibu, yawe yoyote yale, niandikie kilichoandikwa neno kwa neno, nitakuwa naisubiri.

Dada yako, Tabora